Je, Wajua? Mgeni wa Siku Tisini

Wahenga walimpa mgeni siku mbili, ya tatu wakamkabidhi jembe. Nchi nyingi za ughaibuni zimeligeuza jambo hilo: mgeni anapewa siku tisini, mia na themanini, pengine miaka mitano, lakini jembe haruhusiwi kuligusa. Safu ya leo ni ya anayejiandaa kwenda kukaa: mama anayeitwa na mwanawe Hamburg, babu anayekwenda kuwaona wajukuu Toronto, mgonjwa anayepelekwa Chennai, au kijana anayetaka kumtembelea dada yake London kwa muda wa kutosha. Ukisoma hadi mwisho, chukua kalamu na kalenda. Utavihitaji.

Je, wajua kwamba tarehe ya mwisho kwenye kibandiko cha viza ya Schengen, ile ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya kwa pamoja, mara nyingi si tarehe yako ya mwisho ya kukaa? Kibandiko kina mambo mawili tofauti. Kuna kipindi ambacho viza inatumika, yaani kuanzia lini hadi lini unaweza kuupita mlango. Kisha kuna kisanduku kidogo chenye namba peke yake, 30 au 60 au 90: hizo ndizo siku zako. Kwa kawaida kipindi cha viza huongezewa siku 15 za ziada ili safari ikiahirishwa kidogo viza isife. Siku hizo 15 ni nafasi ya kuchelewa kuondoka nyumbani. Haziongezi hata siku moja ya kukaa.

Nalisema hili kwa uchungu. Shangazi yangu alipata viza ya siku 60 iliyoandikwa kipindi cha siku 75, na sisi wana wa ndugu zake, tuliosoma, tukamkatia tiketi ya kurudi kwa kuhesabu kutoka kwenye ile tarehe kubwa. Aliyegundua ni kijana wa jirani aliyekuja kuaga usiku wa kuamkia safari. Tulilipa faini ya kubadili tiketi saa sita usiku, na shangazi akasafiri akiwa ametulia kuliko sisi wote. Kama kijana yule asingepita, mama wa miaka 68 angeandikwa kuwa amepitiliza muda, na kosa lingekuwa letu.

Wajua kanuni yenyewe inasemaje? Siku 90 ndani ya siku 180 zozote. Neno zito hapo ni “zozote”. Haisemi nusu ya kwanza ya mwaka na nusu ya pili. Kila siku unayokuwa ndani, afisa anaweza kugeuka nyuma, akahesabu siku 180 zilizopita pamoja na hiyo ya leo, akatazama umekaa ngapi. Siku ya kuingia inahesabiwa, na siku ya kutoka inahesabiwa, hata kama ndege ilitua saa tano na dakika hamsini usiku.

Tuchukue mfano. Mama mwenye viza ya kuingia mara nyingi anaingia Ujerumani tarehe 1 Januari katika mwaka usio mrefu, anakaa mfululizo. Siku yake ya 90 ni 31 Machi, na siku hiyo lazima awe ametoka. Akitaka kurudi, mlango haufunguki Aprili wala Mei. Unafunguka 30 Juni, siku ile Januari mosi inapodondoka nje ya zile 180, na viza yake iwe bado hai. Ukielewa mfano huu umewazidi wengi wanaosafiri kila mwaka kwa kubahatisha.

Schengen ni kijiji. Kiko Luxembourg, kwenye ukingo wa mto Moselle, na mkataba ulitiwa saini tarehe 14 Juni 1985 ndani ya meli iliyotia nanga hapo. Nchi zilikuwa 5: Ubelgiji, Ufaransa, Ujerumani Magharibi, Luxembourg na Uholanzi. Leo ni 29, tangu Bulgaria na Romania zilipokamilisha kujiunga tarehe 1 Januari 2025.

Uswisi, Norway na Iceland zimo Schengen ingawa hazimo Umoja wa Ulaya. Ireland imo Umoja wa Ulaya ila haimo Schengen. Uingereza haimo kokote kati ya hizo mbili.

Na hapo ndipo mtego wa treni ya Paris kwenda London ulipo. Mwenye viza ya Schengen ya kuingia mara moja, akivuka kwenda harusi ya mpwa wake London kwa siku mbili, hata kama ana viza halali ya Uingereza, safari yake ya Schengen imekwisha pale alipotoka. Hawezi kurudi Paris kuchukua mabegi yake. Kama mpango wako una kuvuka na kurudi, omba viza ya kuingia mara nyingi tangu mwanzo, na eleza sababu kwenye barua.

Je, wajua kwamba viza ya Schengen haiombwi kwenye ubalozi wowote unaosifika kuwa mwepesi? Inaombwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, ni nchi utakayoingilia kwanza. Ombi hupokewa miezi 6 kabla ya safari, na lisipungue siku 15 kabla. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na hairudishwi hata ukinyimwa. Watoto chini ya miaka 6 hawalipi. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ibaki hai angalau miezi 3 baada ya siku ya kutoka, na iwe na kurasa 2 tupu. Alama za vidole ulizotoa zinaweza kutumika tena kwa miezi 59, kwa hiyo mzee aliyezitoa miaka mitatu iliyopita ana haki ya kuuliza kama lazima asafirishwe tena kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam.

Zamani mhuri uliofifia uliwaokoa baadhi ya watu. Tangu 12 Oktoba 2025 nchi za Schengen zimeanza kuwaandikisha wageni kwenye mfumo wa kielektroniki unaochukua picha ya uso na alama za vidole, nao huhesabu siku wenyewe. Kompyuta haisahau mtu aliyezidisha siku mbili.

Lakini sheria hiyohiyo ina huruma ambayo wengi hawaijui. Mgeni akilazwa, au safari za ndege zikisimama, au likitokea jambo lililo nje ya uwezo wake, anaweza kuomba kuongezewa muda wa viza ya Schengen, na kwa sababu za namna hiyo hatozwi malipo. Sharti ni kwenda ofisini kabla siku hazijaisha, na vyeti vya daktari mkononi. Anayejificha akingoja apone anapoteza haki aliyokuwa nayo.

Tuvuke maji. Viza ya kawaida ya mgeni wa Uingereza humruhusu kukaa hadi miezi 6 kwa kila safari. Zipo za miaka 2, 5 na 10, na hapa watu huchanganya: ya miaka 10 haimruhusu mtu kukaa miaka 10. Ni miezi 6 kila safari, na anayetoka Juni na kurudi Julai kila mwaka ataulizwa kama yeye ni mgeni au ameshahamia. Kuoa au kuolewa kwa viza hiyo hakuruhusiwi. Anayeomba viza ya kukaa zaidi ya miezi 6 kutoka Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo hupimwa kifua kikuu kwanza, kwenye kituo kilichoidhinishwa na Uingereza, si zahanati ya mtaani.

Marekani nako viza ni ufunguo wa geti tu. Anayekupa siku ni afisa wa mpakani, na jibu lake linaandikwa kwenye kumbukumbu iitwayo I-94. Kwa mgeni wa matembezi mara nyingi huwa miezi 6. Mtu anaweza kutua New York siku ya mwisho ya viza yake, akapewa miezi 6, na akakaa kihalali huku viza ikiwa imekwisha. Kinyume chake ni kweli pia, nacho ndicho kinachoumiza: viza inaweza kuwa na miaka iliyobaki huku siku za kukaa zimekwisha zamani. I-94 siku hizi haibandikwi kwenye pasipoti ya anayeingia kwa ndege. Inatazamwa kwenye tovuti ya serikali. Mwenyeji amfungulie mama yake ukurasa huo wiki ileile aliyofika, wausome pamoja, waichapishe.

Adhabu za kupitiliza zimo kwenye sheria ya Marekani ya mwaka 1996. Aliyezidisha zaidi ya siku 180 bila kufika mwaka, akiondoka anafungiwa mlango kwa miaka 3. Aliyefikisha mwaka mmoja au zaidi, miaka 10. Hata siku chache zinatosha kuifuta viza uliyoingilia. Anayetaka kuongezewa muda hujaza fomu I-539 kabla ya tarehe ya I-94 kufika. Na kuanzia Agosti 2025 Marekani ilianza kuwadai wageni wa baadhi ya nchi dhamana ya dola 5,000, 10,000 au 15,000 kabla ya kuwapa viza. Malawi na Zambia zilitangulia, Tanzania ikaongezwa kabla mwaka haujaisha. Masharti ya huko yamekuwa yakikazwa tangu hapo, kwa hiyo kabla ya kuuza shamba au kukopa nauli, uliza ubalozini hali ya siku hiyo.

Sasa njoo Canada, kwa sababu hapa kuna neema ambayo familia nyingi hazijaisikia. Mgeni wa kawaida hupewa miezi 6. Lakini wazazi, na mababu na mabibi, wa raia au mkazi wa kudumu wa Canada wana viza yao, inayoitwa super visa. Ilianza Desemba 2011, na tangu 2022 mwenye nayo anaweza kukaa miaka 5 kwa safari moja. Miaka mitano! Mjukuu anaweza kuzaliwa, akatambaa, akaenda chekechea, bibi akiwa palepale na hati zake safi. Masharti yana uzito wake. Mtoto au mjukuu anayemwalika lazima aonyeshe kipato kisichopungua kiwango kilichowekwa kwa ukubwa wa familia yake, aandike barua ya kuahidi kumtunza mgeni, na mgeni awe na bima ya afya ya angalau mwaka mmoja inayofika dola za Canada 100,000. Mzee hupimwa afya, na ombi hufanywa akiwa nje ya Canada. Nimeona familia zikihangaika kila baada ya miezi sita kuomba nyongeza, ilhali mlango huu ulikuwa wazi. Kama una kaka au dada huko, mpigie leo umuulize kama anaujua.

Turudi kwenye jembe. Viza ya mgeni inakataza kazi ya kulipwa, na neno “kazi” ni pana kuliko tunavyodhani. Kusuka nywele sebuleni kwa malipo ni kazi. Kupika maandazi na kuyauza msikitini au kanisani ni kazi. Kuchukua zamu ya rafiki ghalani kwa siku tatu ni kazi, na ndiyo inayowarudisha vijana wengi nyumbani wakiwa na alama mbaya kwenye faili. Kumbeba mjukuu ni upendo, na hakuna anayekatazwa. Shida huja pale kwenye fomu panapoulizwa sababu ya safari, na mwana akamwandikia mama yake: “Anakuja kulea mtoto ili mimi nirudi kazini.” Kwa macho ya afisa hiyo ni ajira ya yaya isiyo na mkataba. Andika ukweli uliokamilika: anakuja kumwona mjukuu na kukaa na familia kwa wiki kadhaa, tarehe fulani hadi fulani, kisha anarudi. Na uwe ndio ukweli.

Uingereza ililegeza kidogo Januari 2024: mgeni anaweza kufanya kazi ya mwajiri wake wa nyumbani kupitia kompyuta, mradi hiyo isiwe ndiyo sababu kuu ya safari. Kwa mhasibu wa Nairobi anayemuuguza dada yake Leeds, huo ni msaada mkubwa. Usidhani kila nchi imefanya hivyo.

Wajua kwamba mgonjwa anayekwenda India hatakiwi kutumia viza ya utalii? Kuna viza ya matibabu, na ndugu wasiozidi 2 hupata viza ya kumsindikiza. Ile inayoombwa mtandaoni humpa siku 60 na ruhusa ya kuingia mara 3. Matibabu ya saratani au ya figo huvuka siku 60 kwa urahisi, kwa hiyo daktari akisema “miezi minne”, anzia na viza ya kawaida ya matibabu ubalozini. Ikizidi siku 180, mgeni hujisajili kwenye ofisi ya uhamiaji ya huko ndani ya siku 14 tangu afike. Mgonjwa hana nguvu za kupanga foleni, basi msindikizaji ndiye ajifunze haya kabla ya kuondoka.

Na kadi ya njano? Chanjo ya homa ya manjano huanza kutambuliwa siku ya 10 baada ya kuchanjwa. Anayefika India akitokea nchi yenye homa hiyo bila cheti halali anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6. Cheti kikishatoka ni cha maisha tangu Julai 2016, hata kama kimeandikwa miaka 10. Usikubali kuchomwa tena kwa sababu tu kadi ni ya zamani.

Dawa za mzee zinastahili aya yake. Zibaki kwenye pakiti zake, ziende kwenye begi la mkononi, na barua ya daktari iandike jina la dawa yenyewe, si la kiwanda. Majina hubadilika: paracetamol ya hapa, Marekani huitwa acetaminophen, na salbutamol ya pumu huitwa albuterol. Mzee akipewa jina geni atadhani si dawa yake, au atameza zote mbili. Dawa kali za maumivu kama tramadol na codeine hudhibitiwa vikali katika Falme za Kiarabu, na zinahitaji kibali kabla ya kuingia nazo, hata anayezitumia kwa cheti.

Bima ya Schengen isipungue euro 30,000. Kwa Uingereza bima si sharti la viza ya mgeni, na hapo ndipo watu hujiachia. Katika England, chumba cha dharura hakimtozi mgeni, ila akilazwa wodini hesabu inaanza, na mgeni asiye mkazi hutozwa asilimia 150 ya gharama ya kawaida. Deni la pauni 500 au zaidi likikaa bila kulipwa linaweza kuwa sababu ya kunyimwa viza inayofuata. Sisi nyumbani huchangishana mtu akiugua. Changishaneni kabla, mnunue bima. Ni rahisi mara nyingi zaidi kuliko kitanda kimoja cha hospitali.

Mizigo sasa, maana mgeni haendi mikono mitupu. Kwenye Umoja wa Ulaya abiria haruhusiwi kuingiza nyama wala maziwa kutoka kwetu: nyama ya kukausha, samli, jibini, vyote hubaki uwanjani. Samaki wanaruhusiwa hadi kilo 20, wakavu pia, kwa hiyo papa na nguru wa kukausha wana njia. Asali hadi kilo 2. Matunda mengi huhitaji cheti cha afya ya mimea, embe na mapera yamo humo. Matano hayahitaji: ndizi, nazi, tende, nanasi na doriani. Nani angedhani nazi ya Pemba inapita ambapo embe dodo linazuiwa?

Miraa usiibebe, hata ya kumpelekea rafiki. Uingereza iliipiga marufuku Juni 2014, Uholanzi iliitangulia, na Marekani ni haramu.

Fedha taslimu zinazofika euro 10,000 lazima zitangazwe forodhani unapoingia au kutoka Umoja wa Ulaya. Marekani ni zaidi ya dola 10,000. Kutangaza hakutozwi chochote. Kuficha ndiko kunakotaifishwa.

Plagi ya nyumbani yenye meno matatu bapa huingia moja kwa moja ukutani London, Muscat na Dubai. Berlin haiingii. Marekani umeme ni volti 120, kwa hiyo birika la Kariakoo litachelewa mno kuchemka huko. Liache.

Saa za Ulaya husogezwa Jumapili ya mwisho ya Machi na kurudishwa Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Tofauti ya Dar es Salaam na London ni saa 3 wakati wa baridi, 2 wakati wa joto. Kwa anayefunga au kuswali, ajue pia kwamba mwishoni mwa Juni mjini Oslo jua huchomoza kabla ya saa kumi alfajiri na kuzama saa tano kasoro robo usiku. Mzee aliyezoea magharibi ya saa kumi na mbili na nusu atahitaji mtu wa kumweleza, na ratiba ya msikiti wa karibu.

Watu wa pwani walijua kukaa ugenini kwa muda uliopimwa kabla ya viza kuwapo. Kilichoupima ni upepo. Jahazi za Oman na Gujarat zilishuka na kaskazi kati ya Desemba na Machi, zikapanda na kusi kuanzia Aprili. Nahodha aliyechelewesha biashara yake hadi upepo ukabadilika alilazimika kungoja msimu mwingine, na hakukuwa na fomu ya kuomba nyongeza. Ibn Battuta aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 aliondoka Tanja mwaka 1325, na nyumbani akarudi 1349. Na Mswahili mwenzetu Salim bin Abakari alifika Urusi hadi Siberia mwaka 1896, akayaandika aliyoyaona kwa Kiswahili. Habari zake zilichapwa Ujerumani mwaka 1901.

Kijitabu cha pasipoti tunachokijua kilipatanishwa kwenye mkutano wa Paris mwaka 1920. Babu za babu zetu walisafiri bila hicho.

Je, wajua namba 122? Kodi za Kenya na Tanzania humhesabu mtu kuwa mkazi akikaa siku 183 au zaidi ndani ya mwaka, au wastani wa zaidi ya siku 122 kwa mwaka huo na miwili iliyoutangulia. Marekani nayo hujumlisha siku za mwaka huu, theluthi ya za mwaka jana na sudusi ya za mwaka juzi, na ikifika 183 inaweza kukuhesabu mkazi wa kodi. Ukikaa huko siku 122 kila mwaka kwa miaka mitatu, piga hesabu: 122, jumlisha 41 kasoro kidogo, jumlisha 20 na kidogo. Ni 183 kamili. Anayekwenda na kurudi kila mwaka kwa miezi minne aonane na mshauri wa kodi kabla hajapelekewa barua.

Laini ya simu isiyotumika kwa muda mrefu inaweza kufungwa na namba kupewa mtu mwingine. Namba hiyo ndiyo inayopokea ujumbe wa siri wa benki yako na ndiyo iliyobeba pesa zako za mtandao. Muulize mtoa huduma kabla ya safari, washa huduma ya kupokea ujumbe nje ya nchi, na uitumie mara kwa mara hata kwa kununua salio dogo. Kama una kiwanja chenye mgogoro au nyumba ya kupangisha, saini hati ya uwakilishi mbele ya wakili ungali nyumbani. Kuisaini ukiwa nje kunawezekana ila kutakugharimu safari ya ubalozini, pengine mji wa mbali.

Na asiye na uwezo wa Ulaya? Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki anaweza kupewa hadi miezi 6 ya ugeni kwenye nchi mwanachama, matunda ya Soko la Pamoja lililoanza tarehe 1 Julai 2010. Bibi wa Tanga anaweza kukaa na mwanawe Kampala nusu mwaka bila ada ya viza. Ukivuka Horohoro au Mutukula, sema wazi unataka siku ngapi, kisha usome mhuri kabla hujaondoka dirishani, maana afisa anaweza kuandika siku chache kuliko ulizohitaji.

Neno langu la mwisho ni kwako wewe mwana uliye ughaibuni unayetaka kumwita mama. Barua ya mwaliko iandike wewe mwenyewe, usiachie wakala wa mtaani. Taja tarehe, anwani, nani analipa nini. Mama akifika, andika siku yake ya mwisho kwa herufi kubwa kwenye karatasi na ibandike jikoni, karibu na saa, aione kila asubuhi. Na akiwa na siku 90, usimkatie tiketi ya siku ya 90. Mkatie ya siku ya 85.